Mti wa Mkurugenzi

"Ko!" Sauti kavu ilitoka ndani ya ukungu, kisha kimya.

Isozaki alibaki ameshikilia fimbo yake ya gofu juu ya bega, mwili umemganda. Mpira wake ulikuwa umepaa vizuri, ukamezwa na ukungu wa mlimani. Kule ulikoelekea hapakuwa na kitu cha kugongwa isipokuwa mlingoti wa bendera, na mlingoti ule ulisimama ndani ya shimo.

"Umegonga mlingoti, ndugu yangu!" Nukaga, mwenzake wa idara ya mauzo, alipiga makofi. "Tukiukuta shimoni, mimi naanza kufunga leo hii, niisubiri karamu yako na tumbo tupu."

"Mdomo wako huo!" Isozaki alimjibu. "Wa kwako tumeusikia bwawani, chubwi, umeshaanza kuogelea."

Mkurugenzi Kurahashi hakucheka. Yeye ndiye aliyepiga wa kwanza, na mpira wake ulipotelea ukunguni bila sauti yoyote, kama punje iliyodondoka kwenye pamba.

"Miaka thelathini nakata bima ya kulipia karamu ya pigo moja," alisema taratibu. "Hata mti nimeshauchagua, msonobari. Shimo tu ndilo halijanikubali, na mwezi ujao nastaafu. Isozaki, ukinitangulia nitakuonea wivu, sikufichi. Lakini jioni hii hii nitampigia mkeo simu ya pongezi, mimi mwenyewe."

"Bwana Mkurugenzi," Mama Torii, mbeba fimbo wao, alidakia, "kabla ya simu, utanilipa kitambaa cha kufutia mipira. Muhuri wako umekichafua tena. Na ukungu huu, wino haukauki ng'o!"

Wote watatu walicheza na mipira yenye nembo ya kampuni, basi Mkurugenzi aliugonga wake muhuri wa jina lake kila asubuhi, kwa wino mwekundu, kama agongavyo barua za ofisini.

"Kisicho na muhuri si changu," alijibu, na hatimaye akatabasamu.

Isozaki hakuwasikia tena. Neno moja tu lilikuwa limemnasa masikioni: mkeo.

Gofu ilitoka ng'ambo, lakini deni la bahati ni la hapa nyumbani. Bahati kubwa mno haikai kwa mtu mmoja. Huna budi kuigawa kabla haijageuka kuwa nuksi. Atiaye mpira shimoni kwa pigo moja huwafanyia wenzake karamu, hupanda mti kiwanjani wenye kibao cha jina lake, kisha humpelekea kila anayemfahamu taulo iliyotariziwa jina, shimo na tarehe.

Tarehe! Leo ukoo mzima wa mkewe ulikuwa hekaluni, katika ibada ya mwaka wa saba wa kumkumbuka baba mkwe. Saa hii mkewe, Yasue, alikuwa amepiga magoti mbele ya moshi wa ubani, kando ya mto wa kukalia usio na mtu. Isozaki alimwambia kwamba mtambo umeharibika katika kiwanda cha Sendai. "Hata leo?" Yasue aliuliza, akimfungia chakula cha njiani. "Baba alikupenda kuliko wanawe wa kuzaa." Lakini angefanyaje? Mkurugenzi naye hakuwa ameomba. Alisema tu, "Jumapili, Isozaki," akapita zake. Ndiyo maana suruali hii nyeupe ya gofu ililala ofisini wiki nzima, nyuma ya mafaili, mbali na macho ya mkewe.

"Ngoja nitangulie nikaangalie," alisema, na bila kusubiri jibu akaupanda mteremko karibu akimbie.

Alipofika juu, ukungu ulikuwa umewafunika wenzake wote. Bendera ilining'inia imelowa. Isozaki alichungulia chini ya mlingoti.

Mpira ulikuwa ndani, umetulia, nembo ya kampuni ikimtazama.

Mtu mwingine angeruka na kupiga kelele. Yeye aligeuza shingo nyuma, akasikia kikohozi cha Nukaga kikikaribia, akachomeka mkono shimoni. Mpira ulikuwa baridi na umelowa. Aliufumbata kiganjani bila kuutazama, akausokomeza mfukoni, akasimama.

"Wangu haupo!" aliita, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri akapumua kwa kina. "Umepotea!"

"Pole, bwana mkubwa," Nukaga alitokeza akihema. "Karamu imeota mbawa. Na mimi nilishaanza kufunga!"

Mkurugenzi alizunguka uwanda wote wa shimo akiinama, mikono nyuma. "Hata wangu siuoni," alisema. Alivua kofia, akapiga magoti kwenye majani marefu ya pembeni, akaanza kuyapekua moja moja, mzee mzima, magoti yakilowa umande.

"Bwana Isozaki!" Mama Torii aliita kutoka kwenye kichaka cha nyuma. "Bure unahangaika! Wa kwako huu hapa. Uligonga mlingoti ukarukia huku. Msafi kabisa, hauna hata tone la wino."

"Basi umebaki wangu," alisema Mkurugenzi bila kuinua kichwa. "Isozaki, wewe mwenye macho ya ujana, hebu njoo unisaidie kuutafuta."

Isozaki hakusogea. Aliteremsha macho polepole hadi kwenye suruali yake nyeupe. Hapo juu ya mfuko, kupitia kitambaa kilicholowa, doa dogo la duara lilikuwa likichanua, jekundu.