Breki za Marehemu

Pampu zote za breki alizonunua Shaibu zilikataa kuingia kwenye gari lake kuukuu la milimani. Iliyokubali ni ya marehemu kaka yake, ambaye gari lake, la aina hiyohiyo, lilitumbukia korongoni. Lilikatika breki, watu walisema. Shaibu aliihamisha pampu pamoja na mipira yake yote ya kupitisha mafuta, akitumaini kuziba inapovuja.

"Kanyaga, shemeji, nione inavuja wapi," alisema akiwa chini ya gari.

Mwajabu, mjane wa kaka yake, alikanyaga.

"Ngumu kama jiwe."

"Kanyaga kwa nguvu."

"Nimekanyaga. Inavuja?"

Shaibu alipapasa mpira mmoja baada ya mwingine.

"Shemeji," Mwajabu aliita, "niambie inavuja. Niambie ni breki zilizomuua."

Shaibu aliipapasa tena mipira mikavu, akiomba apate japo tone moja.