Kesi ya Makande

Sufuria ya tatu iliungua Jumatano, na harufu yake ikawafuata wageni hadi kwenye meza za nje. Bwana Anderson, mwenye hoteli, aliingia jikoni, akafunua mfuniko, akakohoa.

"Neema, ukimaliza hapa uje ofisini."

Jikoni wote walijua maana yake. Neema alikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio, na pale hotelini mtu wa majaribio hakupewa hata ruhusa ya kwenda kusalimia nyumbani, sembuse ya kuunguza makande. Kazi yenyewe aliombewa na baba yake, mzee wa kanisa huko Vudee, kwenye milima ya Wapare. Mtoto wake mdogo alimwacha hukohuko kwa bibi yake. Kwenye mlango wa nyuma wa jiko milima ya kwao ilionekana, na Neema alisimama hapo kila alipopata nafasi.

Alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kabati.

"Vaa hiyo," alisema Blandina, mpishi mkuu. "Hujafukuzwa bado."

"Dada Blandina, acha tu. Nitaingia peke yangu."

"Peke yako? Una haki ya kuingia na mwenzako wa kazi! Majaribio si utumwa. Wakueleze kasoro yako, wakusikilize, wakupe nafasi ya kujirekebisha. Mimi Moshi walinifukuza kwenye majaribio bila kuniuliza hata jina. Leo hawatoki."

Watu husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Blandina, naye Mpare, ng'ombe hakuwa naye, lakini kesi alizipenda. Alinawa, akafunga kitenge upya, akamshika Neema mkono kama anayempeleka mtoto kliniki. Neema alijaribu kujichomoa, akashindwa.

Ofisi ilikuwa ndogo, na Blandina alisimama palepale mlangoni.

"Mpare gani anaunguza makande mara tatu?" aliuliza Bwana Anderson. "Na chumvi kwenye chai ya wageni, je?"

"Ni kweli, bosi," alisema Neema haraka. "Yote nimefanya mimi."

"Wewe nyamaza kwanza," alidakia Blandina. "Bosi, kwao wanapikia kuni. Nani alimfundisha jiko la gesi? Makopo ya chumvi na sukari yamefanana, hata mimi huwa naonja kwanza. Na kabla ya leo ulimwita lini ukamwambia kasoro yake?"

Bwana Anderson alikuna kichwa. Hakuwahi kumwita.

"Lakini kazi hii mimi siiwezi," alisema Neema, sauti ikitetemeka.

"Unamsikia, bosi? Woga umemfikisha hapo. Na ana mtoto anayemtegemea! Mfukuze hivyo, halafu tukutane kwenye usuluhishi."

Neema alilitazama dirisha lenye nondo.

"Haya, umeshinda," Bwana Anderson alisema. "Abaki. Namwongezea miezi mitatu ya majaribio, na wewe Blandina utamfundisha mwenyewe. Asiachwe peke yake na sufuria hata dakika moja."

Blandina alirudi jikoni kifua mbele, wenzake wakampigia vigelegele. Raha aliyoisikia siku hiyo hakuwa ameisikia tangu atoke Moshi. Neema alipoanza kulia alimkumbatia, akamwambia machozi ya furaha hayazuiliwi, akamvalisha aproni kwa mikono yake.

Neema aliomba atoke kidogo, awaambie nyumbani. Alisimama nje ya mlango wa nyuma, simu sikioni.

"Shikamoo mama. Mama, wamekataa kunifukuza. Nimeunguza kila kitu, bado wamekataa. Hebu muulize baba tena: nikiacha kazi mwenyewe, ni kweli hatanifungulia mlango?"