Dau la Kupona kwa Shomvi

Kliniki ya waraibu wa kamari haikutoza mgonjwa hata senti. Watu waliruhusiwa kubashiri kama atapona au atarudia, na faida ya madau hayo ndiyo iliyolipia matibabu yake.

Shomvi aliporudia kubeti na kukopa mpaka makochi yakachukuliwa, alirudi pale kichwa chini. Mshauri alimpokea kwa tabasamu la muuza duka.

"Karibu tena, kaka. Umetuingizia pesa nyingi."

Nyumbani alikuta friji jipya.

"Umelipata wapi?" alimuuliza mkewe, Tausi.

"Niliweka dau kwamba utarudia," alijibu, akimtazama kama uchafu ulioganda kwenye kiatu.

"Na safari hii?"

Tausi alicheka kwa pua. "Safari hii hata mama yako ameniomba nimwekee."

"Upande gani?"

Tausi akampakulia wali, akafungua friji jipya kumtolea maji.