Aliyeonja Safari ya Meli

Siku hizi hakuna anayekata tiketi ya likizo bila kuionja. Kila nyumba humtuma mtu mmoja. Anakaa kwenye kiti cha wakala saa nzima, na siku zote kumi za safari zinampitia kichwani vilevile zitakavyokuwa. Bi Zamda ndiye aliyetumwa. Hata mchuzi, mwonjaji ni yeye.

Aliporudi alimkuta mumewe, Mzee Kibwana, anapiga pasi shati jeupe la safari.

"Haya Mama Shani, meli inatufaa?"

Alianza na kasoro: foleni ya chakula, kichefuchefu, makelele.

"Na mimi nilikuwaje huko?"

"Ulicheka mno," alisema. "Siku ya sita ulinishika mkono, tukacheza rumba mbele za watu."

"Mimi? Basi twende!"

Bi Zamda aliinamisha macho. Rumba ile alishaicheza, vichekesho vya mumewe alishavicheka vyote. Akienda tena atakuwa anajifanya tu. Laiti angemwacha aonje yeye!

"Haitufai, Baba Shani."

Mzee Kibwana alizima pasi, akalikunja taratibu shati ambalo mkewe alishaliona limelowa jasho la rumba, na yeye mwenyewe hajalivaa hata mara moja.