Bata Ambao Hawakuwepo

Uongo ule nilimwandikia Selorm peke yake: "Bata wametua bwawa la nyuma ya kanisa. Wengi mpaka basi!"

Hakukuwa na bata hata mmoja pale. Lakini kila tulipoambiana kwenye kundi letu la watazama ndege kwamba bata wameonekana mahali fulani, kesho yake tuliwakuta wamekufa, shingo zimelegea kama matambara. Wenzangu walilaumu mafua, wengine joto. Mimi nikaanza kutulaumu sisi. Na Selorm, kiongozi wetu, mwenye mashamba ya mpunga, hakukosa kuuliza, "Wapi hasa, dada?"

Asubuhi niliwahi bwawani. Ukingoni, kwenye maji yasiyofika hata kifundo cha mguu, mpunga ulikuwa umemwagwa. Punje zilikuwa za zambarau na zilinuka dawa ya shamba. Jana hazikuwepo.

Selorm alifika baadaye, darubini kifuani, akakaa kwenye nyasi, mbali na maji.

"Ee dada, bata wako wapi?"

"Wamesharuka."

"Basi tule. Najua hujatia kitu tumboni." Akafungua maganda ya mahindi, akamega donge la kenkey, ule unga wa mahindi uliochachushwa na kupikwa, akaninyooshea.

"Ngoja ninawe kwanza," nikasema, nikainamia maji.

"Si hapo!"

Donge lilimponyoka. Nilibaki nimeinama, vidole vikikaribia kugusa maji, nikamtazama.

"Kwa nini, kaka?"