Gome la Mzambarau wa Mama

Siku hizi mti wa mjini haukatwi mpaka mfano wake wa kompyuta ufanane nao hadi mwenye mti akiri kuwa haoni tofauti. Hidaya ndiye aliyepewa kazi ya kutengeneza mfano wa mzambarau wa mama yake, Bi Kibibi, naye aliazimia kuufanya vizuri ili mama asipoteze kitu.

Mama alivaa miwani ya kuonea mifano, akautazama. "Gome hili laini mno. La kwetu lina magamba huku chini."

Hidaya akatoka uani, akalipiga picha gome upya, akalichonga kwenye skrini ufa kwa ufa.

"Na majani," mama akasema kesho yake. "Yanang'aa pande zote mbili kama plastiki. Ya kwetu upande wa chini umefifia."

Akaufifisha. Akatoboa matundu ya wadudu, akapaka vumbi la barabarani, akaacha jani mojamoja likauke. Kila mama alipoona kasoro, yeye aliiondoa, wala hakuchoka.

Hatimaye Bi Kibibi alikaa na miwani kitambo kirefu. Alinyoosha mkono aguse, ukapita hewani.

"Sioni tofauti," alisema taratibu. Hakuwa mtu wa kusema uongo.

Hidaya aliwatumia wakataji jibu hilo papo hapo. Chai ilikuwa bado ya moto walipofika.

Msumeno ulipoanza kunguruma, mama alimgeukia. "Ukimaliza huu, mwanangu, utaanza kunitengeneza mimi?"

"Hapana, mama," alijibu Hidaya, lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kutua kwenye mikunjo ya shavu la mama, yakifuata jinsi mwanga ulivyoingia ndani yake.