Miguu ya Kocha

Tangu makocha waruhusiwe kuendesha miguu ya wachezaji kutoka benchi, timu ya Msellem haijafungwa tena, na mashabiki hawajui wamsifu kocha au mchezaji. Nyumbani miguu ilikuwa ya Msellem mwenyewe, ila pale kocha, naye akiwa nyumbani kwake, alipoitumia kujaribu mbinu mpya.

Jumapili alasiri bintiye Raiye alipanga ndala mbili uani, akasimama katikati kama kipa.

"Baba, piga polepole."

Msellem akaitikia. Miguu ikautuliza mpira, kisha ikarudi nyuma bila yeye kuiamuru. Aliujua mwendo ule. Kocha alikuwa akijaribu penalti.

"Toka hapo, mwanangu."

Raiye akacheka, akatanua mikono. "Kipa hakimbii goli, baba. Si wewe uliyenifundisha?"